Unga Mweusi wa Injinia

Stoo ya Karakana ya Baba,
Jumatano, tarehe 10 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Lile goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi hakijaniacha. Mama naye anaendelea vizuri, anakula na kugomba kama kawaida.

Baba mdogo ndiye si mzima. Ameungua mguu wa kulia, toka vidoleni mpaka juu ya kifundo, na leo ni siku ya sita yuko wodini. Nimetaka uisikie habari hii kwangu kabla ya shemeji yako, maana yeye kwa kupamba maneno hajambo.

Na afadhali nianze na huyo huyo meneja uliyetuletea. Huku tunamwita Injinia, naye anadhani tunamheshimu. Anaingia karakana ya kusubu chuma na viatu vyeupe, Kaka! Anatembea akichagua pa kukanyaga kama paka kwenye ua uliomwagiwa maji.

Mwezi uliopita unga wa grafiti uliisha. Wewe umekulia humu, unajua kazi yake: tunaukoroga na maji, tunaupaka ndani ya kalibu ya mchanga, tunakausha, ili chuma cha moto kisishikane na mchanga. Nilimwandikia tunaoutaka: mkavu, laini, wenye majivu machache. Nikampa na kopo la ule wa zamani awe na mfano. Wapi! Alilisahau mezani, akaenda kwa wauzaji na leso nyeupe. Kila gunia anachovya kidole, anapangusa kwenye leso, na gunia lililochafua zaidi ndilo alilolilipia. Eti weusi ndio nguvu. Mtu mzima na tai yake alichagua grafiti kama anayechagua rangi ya viatu.

Wetu ni wa kijivu, unang'aa, unateleza vidoleni. Wake ni mweusi tii na unakwaruza. Nilichoma kijiko kimoja tanurini kutwa nzima, kama baba alivyotufundisha. Wetu huacha majivu ya kujaza ukucha. Wake ulifuka moshi kama makaa ya mawe, ukaacha karibu nusu kijiko. Nikampelekea majivu yale ofisini. Akayapuliza, akacheka, akasema, "Dada, kazi yako wewe ni kufungua na kufunga mlango wa stoo."

Baba mdogo aliukataa unga huo mara mbili. Akaambiwa kama hataki, atafutwe mwingine wa kazi. Basi akaupaka. Ijumaa alipomimina chuma kwenye kalibu ya pampu, gesi ya unga ule ilikosa pa kutokea, chuma kikachemka na kumrukia mguuni. Injinia alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Sisi tunamvua mzee kiatu, yeye hayupo tena. Nilikiokota kiatu chake kimoja cheupe njiani kuelekea lango.

Sasa sikia ufidhuli. Ameandika barua ya kumfukuza baba mdogo kwa uzembe! Miaka thelathini na mmoja kazini, leo anaitwa mzembe na mtu asiyeweza kutofautisha kalibu na karai. Akifukuzwa hivyo, hata matibabu ya mguu atajilipia mwenyewe. Karakana iko kwa jina lako, kwa hiyo barua haina nguvu bila saini yako. Itakufikia wiki hii, imepigwa chapa vizuri, na najua wifi atakuwa amesimama nyuma ya kiti chako.

Nawe sikufichi, Kaka, nimekushusha kidogo moyoni. Ulimleta kwa sababu alikuwa anakaa bure sebuleni kwako, basi.

Ndani ya bahasha hii kuna vipakiti viwili. Cha karatasi nyeupe ni unga wetu, cha gazeti ni wake. Fumba macho uusugue mmoja mmoja, kama baba mdogo alivyokuwa akitufanyisha tukiwa wadogo. Kisha, kabla hujanawa, ishike hiyo barua. Ukiweza kuisaini bila kuichafua, isaini.

Nisalimie wifi, hata akinuna, na wale mapacha. Mama anakusalimu. Baba mdogo naye anakusalimu sana. Jana alipoweza kuongea vizuri, cha kwanza aliniuliza kama pampu ilitoka nzima.

Mungu akulinde, na mikono yako ailinde zaidi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Mtunza stoo.