Kadi ya Mtihani ya Tirunesh

Endale na baba yako,

Nimekwenda chuoni. Mchuzi wa shiro upo jikoni, upasheni. Mikate ya injera imo kapuni. Endale, mwachie dada yako, usikombe chungu.

Tirunesh ameondoka akilia, na kadi ya mtihani kaisahau kando ya jiko la kahawa. Bila kadi hawamwingizi kwenye mtihani, ndiyo namkimbizia. Kosa ni langu. Sebule ilijaa majirani, nami nikamtupia maagizo kwa mkupuo: kaanga kahawa, tandaza majani sakafuni, lete vikombe, tafuta kadi yako. Akaenda kuchuma majani nje, redio ya jirani ikamteka, buni zikaungua. Nikasema, "Kichwa cha huyu kinavuja," tukacheka wote.

Ningeishia hapo. Lakini mnanijua mdomo wangu. Nikawamwagia alilotuambia sisi watatu tu, kwamba daktari wa chuo kamkuta na tatizo la umakini, akili yake haishiki mambo mengi kwa pamoja. Jirani Almaz akadakia, "Mpeleke kwenye maji ya baraka, shoga, huyo ana pepo." Kumbe Tirunesh yupo mlangoni, kabeba vikombe.

"Mama, nilikuomba yaishie humu ndani."

Hakupandisha hata sauti.

~~Majirani wakija kahawa ya mchana, wakaribisheni.~~ Wakija, waambieni leo sipiki kahawa.

Sijui kama nitawahi kabla lango halijafungwa. Akirudi kabla yangu, msimuulize mtihani. Mwambieni ale. Hilo moja tu, kisha mwacheni.

Mama yenu