Kigoda cha Mzee Pembeni mwa Uwanja

Rugera, Karagwe
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mpendwa shemeji yangu Egbert,

Pokea salamu nyingi hapo Morogoro, wewe pamoja na Sharon na mtoto wetu Ninsiima. Hamjambo? Kile kikohozi cha Sharon kimeisha au bado kinamsumbua asubuhi? Na kazi inaendaje? Sisi huku tu wazima. Mke wangu, mdogo wako Kyomuhendo, ni mzima na anakusalimu. Mama Benadeta goti limetulia tangu alipokwenda kutibiwa Nyakahanga, siku hizi anafika shambani bila fimbo. Baba naye, mzee Rwegoshora, ana afya nzuri kabisa. Natangulia kukuambia hivyo ili usishtuke ukisoma huko mbele. Haumwi. Tatizo ni mpira.

Kahawa imekubali mwaka huu, tunaanika kila siku na kuombea mvua isije. Migomba yako ya bondeni nimeipunguzia majani, na ile iliyoanza kunyauka nimeing'oa na kuifukia kabla haijaambukiza mingine. Ng'ombe mwekundu wa baba amezaa ndama jike. Hizo ndizo habari njema, shemeji, muramu wangu, na nimezimaliza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Nikikupigia nikiwa nyumbani, Kyomuhendo anasikia kila neno, na yanayozungumzwa ni ya baba yake. Nikikuandikia ujumbe, wewe unajibu kwa kile kikatuni kinacholia machozi ya kucheka, halafu unanyamaza mwezi mzima. Karatasi huwezi kuijibu kwa kikatuni. Nitampa kondakta wa basi la kesho kutwa, utaipata Alhamisi.

Timu yetu ya Enkuba inashuka daraja. Tumecheza mechi kumi na tatu, tumeshinda mbili, tumetoka sare mbili, tumefungwa tisa. Tuna pointi nane na tuko mkiani. Walio juu yetu ni Nyakahanga, wenye pointi kumi. Imebaki mechi moja, Jumapili hii, na Mungu alivyopanga ni dhidi ya haohao Nyakahanga, hapa kwetu Rugera. Tukishinda, wanashuka wao. Tukitoka sare, tunashuka sisi. Tukifungwa, tunashuka na kuchekwa.

Usidhani vijana hawajui mpira. Nimekaa nikahesabu. Tumefungwa mabao ishirini na tisa, na kumi na nane kati ya hayo yameingia baada ya dakika ya sitini. Maana yake nini? Mpaka saa nzima timu ni nzuri. Baada ya hapo miguu inakwisha, na pale benchi wamekaa vijana watano wana nguvu zao, wanatafuna miwa. Baba, kocha wetu, habadilishi mchezaji. Katika mechi kumi na tatu amebadilisha mara moja tu, siku kipa alipoitwa hospitali mke wake akijifungua, na hata siku hiyo alisubiri kipa aje mwenyewe kuomba ruhusa.

Wewe unamjua baba yako. Kwake yeye, ukishamkaribisha mtu na kumpa kiti, humnyanyui mpaka anyanyuke mwenyewe. Ni heshima nzuri sana sebuleni. Uwanjani inatuua.

Jumapili ya tarehe kumi na tano tulikuwa Mabira. Tulikwenda na pikipiki kumi na mbili, vumbi mpaka ndani ya meno. Mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza bao moja. Dakika ya hamsini na tano Cassian, beki wetu wa kushoto, akaumia kifundo cha mguu. Anachechemea, kila mtu anaona, hata refa anamwonea huruma. Wale wa Mabira wakauhamishia mpira wote upande wake. Watu wetu wakaanza kupiga kelele, “Mzee, toa Cassian! Mzee, huyo amekwisha!” Baba amekaa kwenye kile kigoda chake cha miguu mitatu anachokwenda nacho kila mahali, fimbo magotini, hageuki. Nikajikaza nikamsogelea, nikainama, nikasema, “Baba, Cassian ameumia.” Akasema, “Namwona. Ni kijana mvumilivu.” Basi. Tukafungwa matatu, yote yamepitia kwa huyo mvumilivu.

Mimi ni fundi, shemeji. Nilianza na pampu ya kuazima na spana mbili pale njia panda, leo nina karakana yangu na mashine ya kusaga. Plagi ikifa naitoa, naweka nyingine, na pikipiki hainuni. Sijawahi kuona plagi iliyoaibika. Lakini hayo ninawezaje kumwambia baba wa mke wangu?

Matusi yote yananijia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti wa timu. Therese, yule mama wa chapati anayeongoza ushangiliaji, hanionei haya hata kidogo. Tukiwa tunarudi kutoka Mabira, tumesimama kunywa maji, akasema mbele ya wote, “Mwenyekiti, wewe ulitoa ng'ombe wanane kwa mzee huyu ukapewa mke. Sisi tumempa pointi thelathini na moja, tumepewa nini?” Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikazihesabu kimoyomoyo: mechi kumi na tatu ni pointi thelathini na tisa, toa nane. Ni thelathini na moja kweli.

Jumatano kamati ikakaa. Wote wakakubaliana kwamba mzee apumzike mechi hii ya mwisho, timu aishike mwalimu Anonciata, anayefundisha michezo shule ya msingi. Yuko tayari. Wakauliza nani atakwenda kumwambia mzee. Wakanitazama. Nikawaambia mimi ni mkwe, mkwe haendi nyumbani kwa watu kumwondoa mzee kazini. Therese akasema, “Basi wewe ni mwenyekiti wa nini? Wa jezi?”

Nikaenda Jumamosi, saa tisa mchana. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, nikiyasema peke yangu chini ya pikipiki ya mteja. Nimefika, nikasalimu, shikamoo baba, nikakaa kwenye mkeka. Mama akanitumia salamu kutoka jikoni bila kutokeza, kama kawaida yetu mkwe anapokuja. Baba akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo. Tukaongea migomba. Tukaongea ndama. Tukaongea barabara. Halafu akasema, “Nasikia timu ina maneno.”

Nikasema, “Ndiyo, baba.”

“Maneno makali?”

“Ndiyo, baba.”

Akatafuna kahawa yake polepole. “Wewe ndiye mkubwa wao. Sasa mimi niendelee, au unasemaje?”

Egbert, nakuapia, maneno niliyapanga vizuri. Lakini nimekaa kwa baba mkwe, kahawa yake iko mdomoni mwangu, macho yangu yako kwenye mkeka. Mkwe anasemaje “hapana” hapo? Mdomo ukajibu wenyewe: “Ndiyo, baba.”

Nikaondoka na mkungu wa ndizi kwenye pikipiki, na kocha ameongezewa muda na mwenyekiti mwenyewe.

Sasa kamati inasema nimewauza. Kuna waliosema nimehongwa mkungu. Nikapoteza wateja wawili siku hiyohiyo, walipeleka pikipiki zao Nyakahanga kwa fundi anayefunga nati kwa kisu. Hayo nayavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni walichopanga kwa Jumapili.

Wamepanga hivi. Nyakahanga wakifunga bao la kwanza tu, na baba akikataa kubadilisha mtu, vijana wanne watasubiri asimame, maana akiona hatari husimama. Akisimama, watakibeba kigoda chake juu kwa juu, na kuimba, mpaka barabarani. Mzee atataka kukaa, hapana kiti. Mbele ya kata nzima. Na mama Benadeta mechi za nyumbani haachi, hukaa pale kwenye nyasi na mwavuli wake. Nimewakataza. Therese akaniambia, “Mwenyekiti, sisi hatumgusi mzee. Tunagusa mbao tu.”

Sasa nikuambie lililo moyoni, na usinikasirikie, au ukasirike, ni sawa. Huu mzigo ni wako. Nani alisimama kwenye mkutano ule wa miaka mitatu iliyopita? Ni wewe. Ulisema, “Baba yangu alicheza mpira kabla hamjazaliwa, mpeni timu.” Ulimshika mkono ukampeleka mbele, watu wakapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Miezi miwili baadaye ukapata kazi Morogoro ukaondoka. Mwaka wa kwanza tulishika nafasi ya tatu, ukawa unapiga simu kila Jumapili kuuliza matokeo. Mwaka wa pili ya sita, simu zikapungua. Mwaka huu ya nane, na sijui kama umepiga mara mbili. Mahesabu hayo hayahitaji mwalimu.

Wewe ni mtoto wake wa kwanza, tena wa kiume. Neno ambalo mimi nikilisema ni utovu wa adabu, wewe ukilisema ni mashauri. Mwambie apumzike. Ukishindwa, Jumapili nitamwambia mwenyewe pale uwanjani kabla ya filimbi, mbele ya watu, liwalo na liwe, afadhali neno langu kuliko kigoda kubebwa. Halafu jioni nitarudi nyumbani nikaone kama dada yako amenifungulia mlango.

Hapa ndipo nilipokuwa nimeishia.

Jumanne asubuhi

Shemeji, naongeza. Jana jioni nilikwenda kuanua kahawa uani, nikaiacha barua mezani, jambo ambalo si kawaida yangu. Niliporudi Kyomuhendo alikuwa ameishika. Ameisoma yote, na ile sentensi ya mlango ameisoma mara ya pili kwa sauti. Nikajua nimekwisha.

Akasema, “Umeandika vizuri. Lakini umeandika nusu.”

Nikamuuliza nusu ipi. Akanieleza kwamba Jumapili baada ya kanisa alipita kwa wazazi, na baba akamwambia, “Mume wako alikuja kuniondoa. Nilimfungulia mlango mara mbili, akapita dirishani.” Alicheka kidogo. Halafu akasema kwamba amechoka. Upande wa pili wa uwanja haoni vizuri, anaona rangi za jezi tu, hajui nani ni nani. Siku ya Cassian hakujua kama anachechemea mpaka mimi nilipomwinamia, na nilipomwambia aliona haya kukubali kwamba hakuwa ameona.

Kyomuhendo akamuuliza, “Sasa baba, si uwaambie tu kwamba unapumzika?” Akajibu, nami nayaandika kama alivyonipa: “Sikukaa pale mwenyewe. Egbert alinishika mkono akanikalisha mbele ya watu. Nikinyanyuka bila yeye kusema, nitakuwa nimemwaibisha mwanangu. Yeye aseme.”

Kuna jambo moja pia ambalo mimi nilikuwa silijui. Kila Jumapili jioni baba anaiweka simu yake dirishani, pale panapokamata mtandao, na anakaa karibu nayo mpaka mama amwite kula. Mama akimuuliza anangoja nini, anasema anangoja Egbert aulize matokeo. Yaani wewe humpigii kwa sababu matokeo ni mabaya na hutaki kumwaibisha. Yeye haachi timu kwa sababu hataki kukuaibisha wewe. Mnaheshimiana sana, nyinyi watu wawili, na kumi na moja wengine wanafungwa.

Nilifikiri nifute yale makali niliyoandika jana. Kyomuhendo akasema, “Acha, ayasome.” Basi nimeyaacha.

Mpigie Jumamosi. Usimpigie asubuhi, yuko na ng'ombe. Mpigie saa moja jioni, akishakamua na kunawa. Usianze na timu. Mwulize ndama, mwulize goti la mama, halafu mwulize matokeo ya Mabira ingawa unayajua, umwache akueleze mwenyewe mpaka mwisho. Akimaliza, mwambie, “Baba, asante. Mimi ndiye niliyekukalisha. Sasa simama, uje ukae nasi.” Maneno yanayozidi hayo hayahitajiki. Kumi na moja uwanjani tutawashughulikia na mwalimu Anonciata, na Cassian atapumzisha mguu wake.

Wasalimie Sharon na Ninsiima, na umwambie Ninsiima babu yake amempa ndama yule jina lake. Wasalimie pia wale jamaa wa kwetu Kyerwa mnaosali pamoja. Mama anasema ukija uje na dawa ile ya kuchua. Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe ulimi mwepesi Jumamosi kuliko niliokuwa nao mimi.

Jumapili nitakwenda kumchukua baba kwa pikipiki mapema. Kigoda chake nitakibeba mimi mwenyewe, nikiweke kule kwa watazamaji, karibu na mwavuli wa mama, na mimi nitakaa chini kwenye nyasi kama inavyompasa mkwe. Hapo Therese na vijana wake hawatakuwa na cha kubeba.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Tumwesigye