Kapelo Haihesabiwi

Bundaberg,
Machi 14

Mpendwa dada Lorelle,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hobart, wewe na shemeji, na kwamba mtoto ameacha kukohoa. Sisi hatujambo, tena naandika huku nikicheka peke yangu.

Unaijua sheria ya shule zetu: asiye na kofia pana hachezi uwanjani, hukaa kivulini mpaka kengele ilie. Kapelo haihesabiwi, maana huacha masikio juani. Basi Ijumaa moja mwezi uliopita tuliwaalika wazee waje kucheza kriketi na darasa langu, watoto wa miaka sita. Baba akaja na kapelo yake ya klabu, mikono ya shati ameshaikunja.

Mwanafunzi wangu Ailsa, mwenye pengo la meno mawili, akamzuia, akamwuliza kofia iko wapi. Baba akaonyesha kichwa. "Hiyo kapelo, babu. Twende kivulini." Wazee wenzake wakamzomea: mwamuzi wa miaka thelathini, leo katolewa hata mpira haujarushwa! Akaenda amenuna, akaketi na watoto watatu waliosahau kofia zao.

Ailsa alipokuwa akimkalisha akaliona sikio lake. Akauliza kile kigaga ni cha nini. Baba akasema alikwaruzwa na miwa. Lini? Kitambo. Kitambo gani? Mwishowe akakiri kwamba ni tangu Oktoba. Watoto wakashangaa, goti la mmoja wao lilipona kwa wiki moja tu! Wakamshika kidole cha mwisho, mmoja baada ya mwingine, wakamwapisha aende kwa daktari. Dada, yule aliyenikatalia mimi mara tano, akisema amelima juani miaka hamsini na jua limemzoea, Jumatatu alifika kliniki kabla haijafunguliwa.

Daktari alikikata. Majibu yametoka jana: ilikuwa saratani ya ngozi, lakini imewahiwa, na yote imeondolewa. Nililia kliniki mpaka Baba akaniuliza mgonjwa ni nani.

Sasa nikuambie nililoficha. Kidonda kile nilikiona Krismasi, Baba alipoinama kumenya kamba wa baharini mezani. Nawe nilikuandikia kwamba hana neno. Niliogopa, nilidhani nisipolitaja kwako, halipo. Na kapelo ile haikuwa bahati mbaya. Mialiko yote ilitaja sharti la kofia pana. Katika mwaliko wa Baba niliufuta mstari huo. Nilijua watoto watamkalisha, wataliona sikio, na kwamba ubishi anaotushinda nao sisi hautafua dafu kwao. Nilimwaibisha mbele ya wenzake, kwa makusudi.

Yeye hajui. Wiki hii anachezesha mechi na bandeji sikioni, losheni ya kukinga jua imemjaa shingoni, kofia pana kama sinia, na wachezaji wenye kapelo anawarudisha kivulini. Ukiona ni haki ajue, mwambie. Akinifokea nitamsikiliza mpaka amalize, kisha nitamwomba arudie.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto mashavu yote mawili, ukishampaka losheni.

Mdogo wako akupendaye,
Corinne