Nzi Amepanda

Oughterard, 14 Aprili 1958

Mwanangu Baibin,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kile kikohozi cha mvuke wa kufulia nguo kimekuachia? Mimi sijambo, kuku hawajambo, na paa limestahimili baridi yote bila kuvuja, ila pale pale linapovuja miaka yote. Anayeandika ni Delia wa posta, maana nilijitegua kifundo cha mkono nikiitoa mashua bandani, na kalamu hainishikiki. Anasema anakusalimu na kwamba mimi ni msumbufu. Hilo la pili ameliandika bila ruhusa yangu.

Mashua nimeipaka lami na rangi, iko tayari. Mimi ndiye siko tayari, au niko tayari kupita kiasi. Sikaliki, mwanangu. Nikikaa mekoni nasikia upepo umegeuka, natoka. Nikitoka nagundua haukugeuka, narudi. Meneja wa hoteli kila siku ananitumia mtu: "Festy, bado?" Namjibu bado. Anao wageni wa kuvua samaki, Dublin mpaka Uingereza, waliofunga mizigo wanangoja simu yake, naye anangoja neno langu. Daktari Prendergast na mkewe wameshaweka siku zao kwenye mashua yangu, kama kawaida yao.

Nzi wa ziwani atapanda mapema mwaka huu. Nalijua hilo kwa mifupa. Akipanda tu, nitakupigia simu ya maandishi kama baba yangu alivyokuwa akiwapigia ndugu zangu kule Boston, wakati hakuna aliyeweza kuja. Wewe uko karibu. Mwambie huyo msimamizi wako akupe ruhusa.

Ni mimi baba yako,
Festy


Coventry, 21 Aprili 1958

Kwa Baba mpenzi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili barua yenye habari za kuku. Pole kwa mkono. Mimi mzima, kikohozi kimepungua. Delia, asante, na ulivyosema ni kweli.

Baba, usidhani ni wewe peke yako usiyekalika. Hapa chumba cha kufulia cha hospitali tunakunja mashuka kutwa nzima, wawili wawili, unamwendea mwenzako, unarudi nyuma, unamwendea tena. Tangu Aprili ianze nimekuwa nikikunja huku nimegeukia dirisha. Mwenzangu Mavis ananiuliza, "Unamngoja bwana?" Nikamwambia nangoja nzi. Habari ikamfikia msimamizi, Bi Hargreaves, akaniita. "Mellett, unataka ruhusa kwa ajili ya nzi? Sisi hapa tunawaua kwa gazeti." Nikamweleza kwamba huyu anakaa miaka miwili kwenye tope chini ya ziwa, kisha wiki chache za Mei anapanda juu kwa maelfu, na samaki wote wakubwa wanaacha kilindi na kumfuata, na watu wote wa kwetu wanaacha kazi na kuwafuata samaki. Akaniangalia kama aliyesikia nimepata homa. Lakini ruhusa amenipa, siku chache, mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo Baba, chagua vizuri. Sina nyingine.

Na lile jambo letu la zamani bado nalisema. Niliyapiga makasia yako tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Niachie mashua msimu mmoja. Unasema hakuna mgeni atakayemkodi mwanamke. Umemuuliza nani?

Mwanao akupendaye,
Baibin


SIMU YA MAANDISHI
Oughterard, 2 Mei 1958

NZI AMEPANDA. NJOO. BABA.


Coventry, 9 Mei 1958

Kwa Baba,

Nimefika salama. Bahari ilichafuka, nilitapika, sasa sijambo. Natumai nawe u mzima.

Delia, najua ni wewe unayemsomea. Soma polepole, na usiruke hata neno. Ukiruka nitajua.

Baba, yule hakuwa nzi wa Mei.

Ulinipokea kituoni ukiwa na furaha ya mtoto. Tukashuka hadi gatini, ukanipa lile boksi la mbao la kuwekea nzi, ukasema, "Haya, wafungulie uone walivyonona." Nikavuta kifuniko. Mle ndani mlikuwa na vile vinzi vidogo vya kijivu vya Aprili, ambavyo vitatu vinaenea kwenye ukucha wa kidole gumba. Mikia miwili miwili. Hata mtoto wa darasa la kwanza wa Oughterard anayeokota nzi vichakani na kuwauzia wageni anajua nzi wa Mei ana mikia mitatu, na bawa lake ni kama tanga. Ukiwatia wale wawili wawili kwenye ndoano, na kuuachia uzi wa hariri upeponi, samaki gani atawaona?

Nilidhani unanitania. Nikakutazama. Ulikuwa unatabasamu na kutazama pembeni, karibu na sikio langu.

Wageni wa hoteli walikuwa wamesimama na fito zao ndefu, wamesafiri kwa neno lako. Wenzako wenye mashua nao walikuwepo. Unajua walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakitazama buti zao. Walijua, Baba, na hakuna aliyethubutu kumwambia Festy Mellett kwamba amekosea nzi. Ndipo mimi nikaenda kwa meneja nikasema kwamba nzi walipanda kweli ila baridi ya usiku imewaua. Nikasema nimewaona kwa macho yangu. Alinishukuru. Sijawahi kusema uongo mkubwa namna hiyo, na nimeusema juu ya ziwa, tena mbele ya watu wanaolijua.

Baada ya hapo nilikuangalia siku zote zile. Unatia kidole kikombeni ndipo umimine chai. Ulinipa shilingi ya kanisani ukidhani ni peni. Na mkono wako hauumi. Ulipiga kasia kwa mkono huo huo kwenda na kurudi kisiwani.

Mficha uchi hazai. Sitaki kukuaibisha, nataka kukukuta hai. Ziwa lile lina miamba kila mahali, na nzi wa kweli akipanda utawapakia watu ambao hawajui lolote. Nakuomba, usiwapakie. Ningekuambia haya uso kwa uso, lakini kila nilipofungua mdomo ulianza kuimba.

Mwanao,
Baibin


Oughterard, 13 Mei 1958

Kwa Baibin,

Mimi mzima. Natumai nawe u mzima na kwamba akili yako pia ni nzima.

Barua yako imesomwa. Delia alitaka kuruka mahali nikamkataza, na sasa analia juu ya stempu za serikali. Hayo umeyafanya wewe.

Kwanza, nani alikuomba unitetee kwa meneja? Pili, nilipita kati ya miamba ile kwenye ukungu ambao mtu haoni pua yake, na wewe bado hujazaliwa. Babu yako naye alipita, na baba yake. Miamba haihami. Mbayuwayu walikuwa wakiruka chini kabisa juu ya maji siku ile, na nzi walinijaa kwenye mikono na ndevu. Mtu yeyote angesema amepanda. Tatu, mwenye macho haambiwi tazama, na mimi sihitaji mkunja mashuka wa Coventry aniambie nitazame wapi.

Nzi amepanda leo. Wa kweli. Watoto wa shule wametoroka wote na mwalimu amewafuata, si kuwarudisha. Daktari na mkewe wanafika wiki ijayo, nami nitawachukua.

Simu sikukupigia kwa sababu ruhusa yako umeshaila.

Baba yako

(Baibin, mimi Delia. Ameondoka, amebamiza mlango wa posta. Nimejaribu kuongea naye. Amenijibu nipige mihuri.)


Coventry, 16 Mei 1958

Baba,

Salamu. Nikasirikie utakavyo, nitukane, nifute jina kwenye Biblia ya nyumbani. Usiwapakie tu. Kama huwezi kusema, jifanye mgonjwa. Wewe ni hodari wa kujifanya.

Nijibu.

Baibin


Coventry, 27 Mei 1958

Baba,

Hujanijibu. Delia, wewe je? Kama kuna lililotokea niambieni. Nimechoma shuka mbili kwa pasi na Bi Hargreaves amenihamishia kwenye soksi. Kila mjumbe wa simu akipita barabarani na baiskeli yake, moyo unanitoka. Zamani nilikuwa nikiomba asimame. Sasa naomba apite.

Nijibu, hata tusi.

Baibin


Oughterard, 4 Juni 1958

Mwanangu Baibin,

Salamu, mwanangu, na samahani kwa ukimya. Sikuwa mgonjwa. Hili nililonalo leo limenichukua siku nyingi kulifikisha mdomoni. Delia ameketi, ameahidi kutolia.

Niliwapakia. Nawe ulijua nitawapakia. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, wimbi zuri, si kubwa, si dogo, na nzi walikuwa kila mahali kama makapi siku ya kupura. Asubuhi ilikwenda vizuri. Daktari alipata samaki wawili aina ya trauti, tukala kisiwani, nikawachemshia chai, nikawapigia hadithi. Mchana tukaiachia mashua ielee na upepo, upande wa ule mwamba wa Jiwe la Ndama. Mke wa daktari akanasa samaki, mkubwa, nikausikia ufito ukilia. Wakawa wanashangilia wote wawili. Mimi nikasikia kitu kingine. Nikasikia maji yakivunjika.

Sauti ya Jiwe la Ndama naijua kuliko sauti ya padri. Nilijua tumelifikia. Lakini sikujua liko kushoto au kulia. Upepo ulikuwa unaitupa sauti huku na huku. Nikageuza kichwa, nikaangalia, Baibin, nikaangalia kwa nguvu zangu zote, na hapakuwa na kitu ila ukungu ulio machoni mwangu. Nilikuwa na makasia mikononi na sikuwa na pa kuyapeleka. Nikaona kwamba nikivuta upande usio wenyewe nitawazamisha watu wawili walioniamini kuliko nilivyojiamini.

Nikasema, "Daktari, mimi sioni."

Akadhani natania. "Huoni nini, Festy?"

"Sioni kitu. Kuna mwamba hapa karibu. Niambie uko wapi, haraka."

Akasema, "Mwamba gani?" Halafu mkewe akapiga ukelele, akautupa ufito na samaki wake majini, akanishika mkono wa kushoto akausukuma. Nikavuta alikosukuma. Tulilikwaruza jiwe ubavuni mwa mashua, ubao mmoja umepasuka, maji yaliingia, tukayachota kwa birika. Hakuna aliyeumia. Daktari ndiye aliyepiga makasia mpaka nyumbani. Anapiga kama mtu anayekoroga uji, lakini alitufikisha. Mimi nilikaa nyuma, pale wanapokaa wageni. Sijawahi kukaa pale maishani mwangu. Mke wa daktari hakuuachia mkono wangu mpaka gatini.

Tulipofika daktari akanitazama macho kwa taa yake ndogo. Anasema hakuna dawa. Anasema sitakuwa kipofu kabisa kabisa. Katikati ndipo panapokufa, pembeni patabaki nuru kidogo, kwa muda. Ilianza baridi ya mwaka juzi. Nikikitazama kitu, kinatoweka. Nikitazama kando yake, kinarudi kidogo, kama paka anayeogopa.

Jioni ile ile nilikwenda kwa meneja mwenyewe. Nikamwambia kwamba ile ya kwanza haikuwa baridi, ilikuwa mimi, na binti yangu alinisitiri. Nikamwambia sitapakia mtu tena, ila mashua ina mwenyewe, na mwenyewe anaitwa Baibin Mellett. Alicheka. Nikamwacha acheke. Vita hivyo vitakuwa vyako, mimi siwezi kukupigania, ila nitakuwa nimekaa gatini nikisikiliza unavyopigana.

Sasa Delia, andika hili kama ninavyolisema.

Baibin, siku ile kituoni nilikuambia umependeza, kwamba unafanana na mama yako. Sikukuona. Nilikujua kwa hatua zako, nikasema yale ambayo baba husema. Ulikaa nyumbani siku zote zile na sikuuona uso wako hata mara moja, kwa sababu ili nikuone lazima nitazame pembeni, na niliogopa utagundua. Nikakuacha urudi Uingereza bila kukuona.

Nzi wamekwisha. Vichaka vya ufukweni vimejaa maganda, samaki wamerudi kilindini, hoteli ni tupu. Hakuna la kuvua mpaka msimu mwingine wa nzi, na kwetu hakuna mtu anayeitwa nyumbani mwezi huu. Mimi nakuita. Njoo nikuone wakati bado kuna pembeni.

Baba yako
Festy


Coventry, 9 Juni 1958

Baba yangu,

Barua nimeipokea saa ya chai na kufikia saa ya kutoka nilikuwa nimeacha kazi. Bi Hargreaves aliniuliza, "Nzi tena?" Nikamwambia hapana, safari hii ni baba. Akanipa mkono.

Natoka kesho kwa meli ya jioni. Mashua usiiguse, ubao nitautengeneza mwenyewe. Meneja nitamalizana naye mwenyewe. Delia, mwambie asije kituoni, akae nyumbani, aweke kiti mlangoni penye mwanga, na kingine mbele yake.

Nitakaa hapo hata siku nzima, Baba. Nitazame kando kadiri unavyotaka.

Mwanao,
Baibin