Samaki wa Kwenye Picha

Ziwa la Mawe Mekundu,
Ontario,
20 Agosti 1988

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa Clement,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta goti lako limepata nafuu, na vijana wanakukatia kuni bila kusukumwa. Mimi ni mzima wa mwili. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yako imekaa mezani wiki mbili, nami nimekuwa nikiipita kando kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Rosalie binti yetu hajambo. Huondoka kwenda hospitali alfajiri, hurudi amechoka, tukala kimya kimya. Ni mtoto mwema, na si kosa lake kwamba saa ya ukutani inasikika mno humu ndani. Tangu nimhamie mwaka jana, baada ya kumzika dada yako Philomena, sijapata mtu wa kuzungumza naye lugha yetu.

Umeniandikia kwamba picha ile umeibandika jikoni, na kwamba unawaambia wageni kuwa bwege aliyemwoa dada yako hatimaye amefaa kitu. Nilicheka, Shemeji. Kisha ukaniuliza nilimpataje maskinonji, yule samaki mkubwa mkali, wa inchi hamsini na mbili, wakati wa kiangazi, katika ziwa nisilolijua, ili nawe ujaribu ziwa la huko ulikohamia. Nitakujibu kwa uaminifu.

Siku ya kwanza usirushe ndoano kabisa. Weka tumbaku majini kama sadaka, kwa desturi ya wazee wetu, ujitambulishe, kisha uzunguke polepole ukitazama majani ya majini yanapokoma na kina kinapoanza. Hapo kwenye ukingo ndipo anapojificha, hasa karibu na rasi inayopigwa na upepo. Wakati wa joto vuta chambo kwa kasi kuliko ulivyozoea. Kikifika ubavuni mwa mashua usikitoe; zamisha ncha ya ufito wa kuvulia na uchore tarakimu ya nane, kubwa, majini, kwani mara nyingi huwa amekifuata hadi miguuni pako. Tena waulize wenyeji. Mimi nilimwuliza Bi Delphine, mjane mwenye duka la chambo gatini. Aliniangalia nikijipiga ishara ya msalaba kabla ya kuondoka, akasema, “Mzee Ambrose, samaki wa hapa hawajui Kilatini. Nenda kule kisiwa cha misonobari, uache kuwasumbua watakatifu.” Alisema kweli.

La mwisho ndilo kubwa. Chukua kipimajoto. Maji yakizidi nyuzi ishirini na sita, rudi nyumbani. Samaki huyu hupigana hadi pumzi imwishe, na maji ya moto hayamrudishii. Ukimpata, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, umwachie upesi.

Hayo yote niliyajua, Shemeji, na ndiyo sababu kalamu imekuwa nzito. Asubuhi ile ya Julai kipimajoto kilisoma ishirini na nane. Nilikitazama, nikakirudisha mfukoni. Nilijiambia nitarusha mara tatu tu, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu. Katika kuchora nane, akauma.

Nilipomtoa ndoano alikuwa angali hai. Ilinipasa kumwachia. Lakini nilitazama nyuma ya mashua, mahali alipozoea kuketi dada yako. Unakumbuka kwamba kila nilipopata samaki mkubwa na kumbembeleza dada yako tubaki naye kidogo, alikuwa akisema, “Mwache aende, mzee wangu. Nimeshamwona.” Mimi nilikuwa namwachia, na ilinitosha. Safari hii hapakuwa na wa kumwona. Basi nikamshika mkia ndani ya maji, nikangoja mashua ipite, ya yeyote, hata mtalii. Nilingoja karibu saa nzima. Haikupita hata moja. Nilipofungua mkono aligeuka tumbo juu.

Gatini nilimwambia Bi Delphine kwamba alikuwa amemeza ndoano hadi tumboni, hivyo asingepona. Akaniamini, akapiga picha, nakala moja akaibandika dukani kwake. Watu wakaja kunipa mkono. Jioni ile, kwa mara ya kwanza hapa, niliitwa kwa jina na watu wanane. Nyama tuliigawa kwa wazee wenzangu, haikupotea. Ila uongo huo nimeula peke yangu.

Nakuomba radhi, wewe uliye kaka yake, kwa kuwa nilifanya jambo ambalo asingeliruhusu. Tafadhali bandua picha hiyo. Ukitaka kuwaeleza wageni sababu, waeleze, nimestahili.

Jana nilikwenda dukani kumwambia Bi Delphine haya haya niliyokuambia wewe. Aliing’oa picha ukutani, akanikabidhi. Nilishika kofia yangu nitoke. Akasema, “Unakwenda wapi, na birika liko motoni? Kaa, mzee. Nieleze huyo mkeo alikuwa mtu wa namna gani.” Nilikaa hadi chai ya pili.

Nisalimie wote wanaonikumbuka, nawe ulinde goti lako na umande. Mungu akuweke.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kukuheshimu na kukuhitaji,

Ambrose Nodin