Mstari Nilioruka

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Nataraji umerudi salama kutoka safari ya juzi, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo nusunusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwa simu ungenikatiza kwa mzaha wako, ningecheka, tungeagana, na nililokusudia lingebaki kooni.

Mwaka huu nafundisha darasa la pili, watoto arobaini na mmoja. Kwa kuwa ni mwaka mrefu, niliona mwishoni mwa Februari tusome habari zake. Niliandika sentensi kwenye vipande vya kadibodi, wakazipanga kwa vikundi na kuzisoma kwa sauti: dunia hulizunguka jua kwa siku mia tatu sitini na tano na kama robo hivi, robo nne zikikusanyika huwa siku moja, siku hiyo hupewa Februari. Walifurahi sana, hasa binti mmoja tunayemwita Kasuku kwa wingi wa maneno. Yeye alizaliwa tarehe ishirini na tisa. Akatangaza kwamba anatimiza miaka miwili, kwa hiyo asipewe kazi ya nyumbani maana bado ni mtoto mchanga. Tulicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia.

Basi Alhamisi nikafungua kitabu niwasomee habari hiyohiyo, wao wakifuatisha kwa kidole katika vitabu vyao. Nilisoma kwamba Februari huongezewa siku moja kila mwaka. Vidole vikasimama. Kasuku akasema kwa adabu, “Mwalimu, umeruka mstari.” Nikatazama, sikuuona. Nikasoma tena vilevile. Akasema, “Ni kila baada ya miaka minne, Mwalimu. Imeandikwa hapo.” Badala ya kumshukuru nilimfokea kwamba ana kiherehere, nikamsimamisha ukutani mpaka kengele ikalia. Hakulia. Alinitazama tu, na afadhali angelia.

Nikitoka, nikaparamia ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni siku zote, nikaanguka kifudifudi. Mwalimu mkuu alikuwa anapita. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna matatizo, na kama labda nimeonja kitu asubuhi. Maneno hayo niliwahi kuyasikia, ila hayakusemwa juu yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari wa macho. Aliniweka kidevu kwenye mashine, akaniambia nibonyeze kitufe kila nionapo kinuru. Nilikaa nikivisubiri vinuru, kumbe vilikuwa vinawaka muda wote. Ni presha ya macho. Haiumi wala haiwashi. Inakula pembeni taratibu huku wewe ukidhani unaona kila kitu. Kilichokwenda hakirudi, lakini dawa ya matone italinda kilichobaki. Kisha akauliza kama katika familia kuna mtu aliyekuwa akigonga milango, akimwaga vikombe, akikosea ngazi.

Jibu unalijua. Baba. Fundi mwashi aliyefukuzwa kazini kwa kuanguka jukwaani, tuliyemwita mlevi, aliyehamia chumba cha peke yake, na ambaye hukumwamkia tena mpaka tulipomzika.

Sasa nikwambie usilolijua. Mama hakumtoa nyumbani kwa maneno ya majirani. Siku Baba alipokuja shuleni kwangu, kwenye mkutano wa wazazi, aligonga meza na glasi zikavunjika mbele ya wenzangu wote. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimemnusa pombe. Sikunusa kitu, ila saruji na sabuni. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimejaa aibu, nikataka aibu hiyo iwe yake peke yake. Mama aliamini kwa sababu sikuwa mtoto wa uongo. Wewe uliamini kwa sababu mimi ni dada yako. Baba aliapa hajaonja hata tone. Nilimsikia nikiwa nyuma ya pazia, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na sita.

Kasuku nimemwomba radhi mbele ya darasa. Amesema yamekwisha, ila nikisoma niweke rula chini ya mstari. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, Mungu anipe ulimi. Baba sina pa kumwombea radhi.

Lakini wewe upo. Daktari amesema ugonjwa huu hupita katika damu, na ndugu wote wa mgonjwa wapimwe. Nawe unaendesha lori. Mwezi uliopita ulinisimulia kwamba nguzo “ilitokea ghafla” ikakuvunjia kioo cha pembeni, tukacheka sana. Nguzo haitokei ghafla, mdogo wangu. Liegeshe lori. Mpe tajiri wako ufunguo, mwambie lolote, uende ukapimwe kabla ya safari nyingine.

Wifi msomee barua hii yote, usimfiche hata neno. Wanao waambie shangazi yao anawakumbuka. Najua utanikasirikia, na haki unayo; usiponijibu nitaelewa. Nakuomba jambo moja tu: hasira hiyo uwe nayo ukiwa umeketi kwenye benchi la hospitali, ukisubiri kuitwa.

Ni mimi,
Dada yako