Warumi Si Waroma

Ghubra,
Maskati, Omani.
9 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Kayondo,

Salamu nyingi kutoka huku. U hali gani, na lile goti lako linaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, joto tu limetuzidi. Basi, salamu zimeishia hapo. Nimekukasirikia sana.

Mwanangu Nakimuli amenipigia simu akilia. Eti umekwenda kwa katekista Kaweesi ukafuta jina lake kwenye orodha ya kipaimara, kwa kuwa siku hizi wewe ni mlokole. Okoka upendavyo! Mtoto nilikuachia umtunze, sikukuachia umhamishe kanisa.

Halafu bila haya ukanitumia picha ya kitabu chake cha historia, umepiga mstari mwekundu: “Utawala wa Roma ulipokwisha Uingereza, Ukristo wa mwanzo haukufa.” Chini ukaandika, “Umeona? Waroma walifukuzwa, wokovu ukabaki!”

Nilimwonyesha Bi Wijdan, binti wa nyumba ninamofanya kazi. Ni Mwislamu, na anafundisha historia. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Nduguyo kachanganya, Nalubega. Hiyo Roma ni dola ya Warumi, na majeshi yake. Si hao Waroma wenu, Wakatoliki wa misa.”

Niliona aibu, nikarudi jikoni.

Walioondoka ni askari wa Kaisari, bwana! Ulidhani walibeba rozari mfukoni? Waumini walibaki bila serikali ya kuwalinda, wakaendelea kusali na kufundisha watoto wao. Wakati huo hapakuwa na mlokole wala wa kumbishia.

Mimi nawaelewa watu hao kuliko wewe. Huku misa yetu ni Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ya wageni katika nyumba hii. Huu ni mwezi wa nane tangu niingie kanisani. Nasali nikisugua sufuria, na bado ni Mkristo. Wewe kanisa liko mlangoni pako, ukaona kazi ya kufanya ni kumfuta mtoto. Inaniuma, Kayondo.

Nataka jina lirudi kabla ya Pentekoste. Msalimie wifi, na mama umwambie namkumbuka. Nakimuli mwambie gauni lake jeupe liko njiani.

Mungu akuponye goti hilo, upate kutembea mpaka kwa Kaweesi.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Nalubega